Poda ine, dola 120, usingizi zero: nani anajua hii mambo ya asidi amino?

Kijana_Katuba (Lubumbashi)
Bandugu mambo. Miye niko Lushi, Katuba, miaka 27, nilikuwa kilo 68 na sasa niko 71. Nilianza jim mwezi wa tatu juu nilichoka kuitwa mukondefu ku kartie. Kocha wa pale akaniambia bila poda utakuwa unainua vyuma bule, njo vile nikaingia mu hii mambo. Leo niko na bwate ine ku meza: bunga ya protini (mama anaiitaga bunga ya bazungu, siku moja kidogo tu aipikie bukari, ni kusema ugali), kreatini (ya kuongeza nguvu), BCAA (poda ya asidi amino, vile vipande vidogo vyenye vinajenga protini), na ile poda nyekundu ya kunywa mbele ya mazoezi yenye inakutembeza ku ngozi kama siafu. Zote zimepita mpaka wa Kasumbalesa kutoka Afrika Kusini, jumla dola 120 na mshahara wangu munaweza kuufikiria wenyewe.

Shida ni hii: silali. Kazi inaisha saa kumi na mbili, jim naingia saa mbili ya usiku, natoka, nakula, naoga, naingia ku kitanda, macho paka ku plafon mpaka saa nane ya usiku na saa kumi na moja na nusu lazima niamke. Nguvu ku jim imepungua, tumbo naona linakuya mbele. Rafiki moja ananiambia niongeze glisini (asidi amino ingine) na melatonini (homoni ya usingizi), zitakuwa sita sasa. Mwenye anajua aniambie: gani inaleta usingizi, gani inaufukuza, na hizi kilo tatu ni nyama ao ni mafuta?

MamaZamu (Lubumbashi, Kampemba)
Mwanangu mbele ya yote, ile poda nyekundu, geuza bwate usome nyuma, kafeini ni ngapi kwa kijiko? Na unaweka vijiko vingapi? Miye ni muuguzi, miaka 19 ya zamu za usiku, usinifiche kitu.

Kijana_Katuba
Imeandikwa miligramu 300, mama. Naweka kijiko kimoja na nusu juu kimoja siku hizi hakinifanyi kitu.

MamaZamu
450! Saa mbili ya usiku! Halafu unauliza nani anafukuza usingizi. Sikia, kikombe cha kawaida cha kahawa kina kama miligramu 80 mpaka 100, na kwa mtu mzima mwenye afya wataalamu wanashauri isipite 400 kwa siku nzima. Weye unakunywa zaidi ya hapo kwa mara moja na jua limeshazama. Kafeini inachukua kama saa tano hivi ili nusu yake itoke mwilini, kwa wengine zaidi, wanawake wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi inawakalia muda mrefu zaidi bado. Basi piga hesabu, saa saba ya usiku bado uko na 225 mu damu, ni kama mtu amekuja kukuamsha akupe vikombe viwili na kitu vya kahawa halafu akwambie lala salama.

Vile inafanya ni hivi: kutwa nzima ubongo unakusanya kitu kinaitwa adenosini, na kadiri inavyojaa njo unaona usingizi. Kafeini haiondoi adenosini, inakuja tu kukalia viti vyake. Mgeni amesimama mlangoni hana pa kukaa, weye unafikiri hakuna mgeni. Ikitoka, wageni wote wanaingia mara moja, ndiyo maana asubuhi saa nne ku kazi unasinzia kama kuku mgonjwa.

Kuna jaribio moja la 2013, watu walipewa miligramu 400 saa sita mbele ya kulala. Saa sita! Na bado walipoteza zaidi ya saa moja ya usingizi kwa vipimo, na wenyewe hawakuhisi sawasawa kwamba wameipoteza. Kwa hiyo yule atakayekuja hapa kusema miye nakunywaga kahawa na nalala bila shida, ajue analala, lakini analala vipi?

Kocha_Ndendere (Bukavu)
Sawa mama, kafeini tumekubali, apunguze. Lakini dogo usiguse BCAA, hiyo ndio inajenga. Hapa Bukavu nafundisha vijana miaka nane na wenye wanakunywa BCAA wanaonekana tofauti kabisa. Glisini nayo nasikia ni nzuri kwa usingizi. Shida yako si poda, shida ni saa unazikunywa.

Prof_Kasapa (Lubumbashi)
Kocha nakuheshimu lakini hapo kwa BCAA tuongee kidogo, miye nafundisha kemia na hii mada inanichoma roho juu vijana wangu wengi wanamalizia pesa ya silabi za masomo huko.

Asidi amino zenye mwili hauwezi kujitengenezea ni tisa. BCAA ni tatu tu kati ya hizo: leusini, isoleusini na valini. Kweli leusini njo inabonyeza kengele, inaambia musuli anza kujenga, na gramu mbili na nusu hivi mpaka tatu kwa mlo zinatosha kuibonyeza. Lakini kengele si ujenzi. Ni kama umeita mafundi wote ku shantie saa moja ya asubuhi na umeleta milango mitatu mizuri sana, hakuna matofali, hakuna simenti. Mafundi watafanya nini? Watatoa matofali ku ukuta wa jirani, na jirani ni musuli yako mwenyewe. Na kama tayari unakunywa protini ya maziwa, zile tatu zimo ndani yake tayari, pamoja na sita zilizobaki. Kwa hiyo ile bwate ya BCAA umelipia kitu chenye ulikuwa nacho.

Sasa sehemu ya usingizi, na hii watu hawaisemi. Kuna asidi amino moja inaitwa triptofani. Mwili unaitumia kutengeneza serotonini, kemikali moja ya ubongo, na serotonini njo inageuka melatonini usiku. Ili iingie mu ubongo lazima ipite mlango, na mlango huo inagawana na zile kubwa zingine, leusini, isoleusini, valini na wenzao. Triptofani ni chache siku zote mu chakula, ni kama mama mmoja mwenye kitunga mu foleni ya taksi-bisi ya komine ya Kenya hapa Lushi saa kumi na moja, vijana wenye nguvu wanamsukuma. Weye ukimeza gramu kumi za BCAA usiku, umeongeza vijana mu foleni. Sisemi hiyo peke yake njo inakunyima usingizi, kafeini ya 450 ni tembo na hii ni mbuzi, lakini kununua mbuzi wa kukusumbua kwa dola 30 ni mambo gani.

Kocha_Ndendere
Prof umenipiga lakini sijaanguka. Kama ni hivyo basi bugali usiku ndio dawa ya usingizi, si inasukuma insulini?

Prof_Kasapa
Hahaha, nusu ni kweli. Wanga ukipandisha insulini, zile asidi amino zingine zinaingizwa ku musuli na foleni inapungua, triptofani inapita. Hiyo inajulikana tangu miaka ya 1970. Lakini inaonekana vizuri ukila wanga mtupu, ukitia samaki ao nyama foleni inajaa tena. Na nani hapa Lushi anakula bukari bila mboga?

Tena kwa mahindi iko neno lingine. Protini ya mahindi ina upungufu wa mbili, lizini na triptofani. Kusini mwa Marekani mwanzo wa karne ya 20 watu masikini walikuwa wanaishi kwa mahindi wakapata pelagra, ngozi inachubuka, tumbo linaharisha, akili inapotea, na wakubwa walisema ni maambukizo mpaka daktari Joseph Goldberger akaonyesha ni chakula. Leo tunajua ni kukosa niasini (vitamini B3), na mwili unaweza kutengeneza niasini kutoka triptofani, lakini mahindi hayana ya kutosha. Ndiyo maana wale watafiti wawili, Surinder Vasal na Evangelina Villegas, waliotengeneza mahindi yenye lizini na triptofani nyingi walipewa tuzo ya chakula ya dunia mwaka 2000. Na bibi zetu bila tuzo yoyote walikuwa wanaweka maharagi pembeni ya bukari, maharagi yana lizini mingi, kimoja kinaziba tundu la mwenzake.

Mtu_wa_Masisi (Goma)
Miye sina sayansi ya Prof lakini hapa Goma tuko na fromaji (jibini) ya Masisi na mashanza (maziwa ya kuganda), mzee wangu anakunywaga kikombe cha mashanza kila usiku na analala kama jiwe, iko na miaka 74 na mkono wake ukikushika hautoki. Nilisikia eti protini ya kabla ya kulala inajenga musuli ukiwa umelala, ni kweli ao ni biashara?

Prof_Kasapa
Ni kweli na mzee wako ametangulia Waholanzi. Maziwa yana protini mbili kubwa, ile ya maji ya maziwa yenye inaingia haraka, na kazeini, ile inaganda tumboni na kuachia asidi amino polepole usiku kucha. Fromaji karibu yote ni kazeini. Watafiti wa Maastricht, Uholanzi, waliwapa vijana gramu 40 za kazeini mbele ya kulala mwaka 2012 baada ya mazoezi ya jioni, na musuli ilijenga zaidi usiku. Gramu 100 za fromaji ngumu zina kama 25 za protini. Lakini faida kubwa inatoka ku jumla ya siku, saa ya kula ni nyongeza tu. Watafiti walikusanya majaribio 49 mwaka 2018, wakaona kwa mtu anayeinua vyuma faida inasimama karibu gramu 1.6 kwa kilo moja ya mwili, ukipita hapo musuli haiongezeki sana.

Kijana wa kilo 70 ni gramu 112. Tuhesabu bila bwate: mayai matatu 18, kikombe cha maharagi makavu gramu 100 ni 21, kapenta (dagaa) kavu konzi mbili ndogo tuseme gramu 50 ni kama 30, kalanga gramu 50 ni 12, na bukari yenyewe kwa siku gramu 300 za bunga ni kama 21. Umefika 102. Ongeza kikombe kikubwa cha maziwa na umemaliza. Ile bunga ya bazungu si mbaya, ni protini ya maziwa tu iliyokaushwa, yenye bei.

dada_wa_ruashi (Lubumbashi)
Samahani naingilia uzi wa wanaume. Nyinyi munatafuta musuli, huku kwetu bamama wanatafuta kunona, makalio na mashavu. Mdogo wangu ananunua ku soko komprime (vidonge) mu kisashe bila jina, mchanganyiko wa rangi mbili, wanasema ni vitamini ya apeti (hamu ya kula). Mwanzo alikuwa analala sana, kama kinda. Sasa ni mwezi wa nne, uso umekuwa mviringo, tumbo limetoka, lakini mikono na miguu imekonda na usiku anatembea mu nyumba, halali. Nilipomwambia aache akasema akiacha siku mbili anaishiwa nguvu kabisa. Hii ni supplement gani?

MamaZamu
Dada yangu umefanya vizuri kuingilia, hii ni kubwa kuliko poda ya huyu kijana. Hiyo si vitamini. Mara nyingi mu vile visashe ni dawa mbili. Moja ni siproheptadini, dawa ya mzio, inaleta njaa na inasinziza, ndiyo ule usingizi wa mwanzo. Nyingine ni deksametazoni, watu wanaiita deksa, ni ya familia ya kortizoli, homoni ya mwili, lakini nguvu yake ni mara 25 hivi. Deksa inahamisha mafuta kuyapeleka ku uso, ku shingo na ku tumbo, na musuli ya mikono na mapaja inaila. Kwa hiyo ile kilo anayoiona ku mizani amefurahi ni mafuta, nyama inatoka. Inapandisha sukari, inapandisha tansio (presha), na inafukuza usingizi.

Na sasa sikia vizuri: ASIACHE GHAFLA. Kwa miezi mine tezi zake ndogo zilizo juu ya figo zimelala, hazitengenezi kortizoli yao juu wanapewa bule ku kisashe. Akikata siku moja, mwili unabaki bila kitu, tansio inaweza kuanguka, anaweza kuzimia, watu wanakufa hivyo. Apelekwe kwa docta na kile kisashe mkononi, apunguziwe kidogo kidogo kwa majuma. Leo ao kesho, usingoje mwisho wa mwezi.

dada_wa_ruashi
Aksanti mama. Mikono inatetemeka. Kesho asubuhi tunaenda.

Usiku_Kolwezi (Kolwezi)
Miye natumika ku mine, saa kumi na mbili za usiku juma moja, za mchana juma linalofuata. Melatonini nimenunua ya miligramu 10. Siku zingine nalala, siku zingine hakuna kitu, siku zingine naamka kichwa kizito kama nimekunywa bia ya Simba kreti moja. Bwate ni ile ile.

MamaZamu
Bwate ni ile ile lakini ndani unajua? Wakanada walipima bidhaa 31 za melatonini mwaka 2017. Kulikuwa na moja ina pungufu ya asilimia 83 kuliko ile iliyoandikwa, na nyingine imepita kwa asilimia 478. Na zaidi ya robo zilikuwa na serotonini ndani, yenye haikuandikwa kabisa. Hiyo ni Kanada, wenye maabara na wakaguzi. Sasa fikiri ya kwetu iliyokaa mu konteneri kwa jua.

Kwa mtu wa zamu, melatonini si kidonge cha kukuangusha, ni kengele ya kuambia mwili kwamba giza limeingia. Kiasi kidogo, nusu miligramu mpaka tatu, kwa saa sahihi, kinafanya kazi kuliko 10 ya ovyo. Ukitoka zamu asubuhi vaa miwani nyeusi njiani, funika dirisha na blanketi zito, simu ikae chumba kingine. Najua watoto watapiga kelele, wangu pia walipiga.

Kijana_Katuba
Bandugu mumeniumiza lakini ni vizuri. Sasa kreatini nayo niitupe? Na glisini? Na kilo tatu?

Prof_Kasapa
Kreatini bakisha, kati ya zote ine njo yenye ushahidi mkubwa, gramu tatu mpaka tano kwa siku, saa yoyote, haina kafeini na haigusi usingizi wako. Mwili wenyewe unaitengeneza kutoka glisini, arginini na metionini. Lakini inavuta maji mu musuli, kilo moja ao mbili za mwanzo ni maji, usiende kwa fundi wa nguo kupanua shati. Neno moja: siku utapimwa damu mwambie docta unaitumia, juu kreatinini, taka yenye kreatini inaacha mu damu, itapanda kidogo na anaweza kufikiri figo zinaharibika. Miye mwenyewe mwaka jana waliniweka juma zima bila kulala kwa woga ku hospitali moja hapa mjini, kumbe ilikuwa kijiko changu cha asubuhi.

Glisini, majaribio ya Japani, gramu tatu mbele ya kulala, watu wenye usingizi mbovu walisema wameamka vizuri zaidi. Inaonekana inafungua mishipa ya mikono na miguu, joto la ndani linashuka kidogo, na mwili ukipoa usingizi unakuya. Lakini watu walikuwa wachache, na watafiti wengi walikuwa wafanyakazi wa Ajinomoto, ndiyo, wale wale wa ladha ya mchuzi, wenye wanauza asidi amino pia. Haimaanishi wamedanganya, inamaanisha usikope pesa. Supu ya miguu ya ngombe iliyochemka mpaka ikagandamana ikipoa, ile ganda ni jelatini, na jelatini imejaa glisini.

Kwa tumbo lako, sikiliza jaribio hili halafu nakwenda kusahihisha kopi za wanafunzi. Chicago, 2010, watu kumi wenye uzito mkubwa, chakula kidogo kilichopimwa, siku 14 wakiwa kitandani kwa muda wa saa nane na nusu, siku zingine 14 saa tano na nusu. Mara zote mbili walipungua kama kilo tatu. Mizani ilisema ni sawa. Lakini walipolala vizuri mafuta yaliyotoka yalikuwa kilo 1.4, na walipolala kidogo yalikuwa 0.6 tu, iliyobaki ilitoka mu nyama ya mwili, kilo 2.4. Chakula kile kile, watu wale wale! Na kukesha usiku mmoja mzima kulionekana kushusha ujenzi wa musuli kwa asilimia 18. Weye unalala saa tatu na nusu tu kwa usiku, kijana. Unajenga mchana na unabomoa usiku, na umelipa dola 120 kwa ubomoaji.

Kijana_Katuba
(majuma matatu baadaye)
Narudi na habari. Poda nyekundu nimeacha, siku ine za kwanza kichwa kiliniuma vibaya sana, mama Zamu hukuniambia! Jim sasa naenda saa kumi na moja ya asubuhi mbele ya kazi, nimekubaliana na kocha, tuko watatu tu na vyuma ni baridi kama barafu juu ni mwezi wa saba. Nalala saa tatu na nusu ya usiku, saa zingine nne. Jumla ya usingizi inafika saa saba kwa usiku. Kilo zimeshuka mpaka 70 na mkanda umerudi tundu moja, na benchi nimeongeza kilo tano yenye nilikuwa nimekwama tangu mwezi wa tano. Mama amefurahi juu nakula maharagi yake tena, ile bunga ya bazungu ikiisha sinunui ingine. BCAA iko nusu bwate, mwenye anataka aseme.

dada_wa_ruashi
Mdogo wangu anapunguziwa, yuko ku nusu kidonge sasa. Sukari ilikuwa imepanda, inashuka. Uso bado.

MamaZamu
Uso utachukua miezi, mwambie asijitazame ku kioo kila saa. Na weye kijana, kichwa cha kuacha kafeini nilisahau, nisamehe, ilibidi upunguze polepole.

Kocha_Ndendere
Dogo ile BCAA unauza ngapi?

Prof_Kasapa
Kocha!!

Kocha_Ndendere
Si yangu Prof, ni ya klienti.